Dirisha Begani: Maisha ya Bi Mejumaa binti Hussam, 1948–2025

Assalaam aleikum, ndugu na jamaa mliofika hapa Kibokoni, Mombasa, kutuhani. Sisi huku hatuna desturi ya kusoma karatasi juu ya maiti. Maiti wetu husomewa Kurani, akaombewa dua, watu wakaonja walichojaaliwa, wakaenda zao. Lakini Akila, mjukuu wa marehemu, amesema bibi yake aliishi kimya, na haifai pia aende kimya. Ndiye aliyepiga chapa nakala hizi mlizo nazo mkononi. Mimi, Athmani bin Hussam, nduguye mdogo, nimeombwa niandike kwa kuwa ndimi mkubwa niliyebaki. Skuli niliiacha darasa la tano, na maisha yangu mengi nimeyapitisha njiani. Mkiona nimepotoka, nisubirini kidogo. Nitarudi.

Nawasomea nyote, mlioketi hapa chini mikekani, nanyi mama zetu mlioko orofani nyuma ya dirisha. Nyinyi mnaniona, mimi siwaoni. Hilo dirisha mliweke akilini, maana maisha ya marehemu yote yamezunguka hapo.

Bi Mejumaa alizaliwa Ijumaa, tarehe 5 Machi 1948, katika nyumba hii hii, na siku hiyo ndiyo iliyompa jina. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Hussam bin Athmani, seremala, na Bi Mwanakuu binti Aamir, mshonaji kofia. Dirisha la orofani alilichonga baba yetu kwa mkono wake mwaka aliooa. Ni fito nyembamba za msaji zilizopishana kama kimia, zikaacha vitundu vingi vidogo. Mwanamke akikaa nyuma yake huona njia nzima kutoka kona hadi kona, na njia isimwone. Yalikuwa mengi madirisha kama hayo hapa mjini. Siku hizi yamekuwa ya kuhesabu.

Mwaka 1960 nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa na pia ya kuzungusha, ya mti wa mkwaju, yenye msumari kama mkuki. Nikaitupa kwa nguvu nyingi kuliko akili. Badala ya kushuka izunguke chini, ikapanda, ikavunja ufito mmoja wa dirisha la baba, ikamwangukia dada mapajani akiwa anashona. Nikasimama pale njiani. Jicho moja likatokea penye uwazi mpya.

"Athmani!"

"Labeka, dada."

"Umelenga chini ukapata juu. Siku utakayolenga juu, tutakwenda kukuokota Malindi."

Baba alikuja na nyundo na fito mpya. Dada akamwambia, "Baba, liache. Pananipa mwangaza wa kushonea." Baba hakuwa mtu wa kukubali kitu kivunjike kikabaki, lakini kwa binti yake alikubali. Uwazi ule uko mpaka leo: safu ya tatu kutoka juu, kitundu cha pili kutoka kushoto. Mlioko orofani mnaweza kuutazama sasa hivi.

Chuoni alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi na mmoja. Skuli ya wasichana alisoma mpaka darasa la saba mwaka 1962, na hesabu alikuwa akiwashinda wote. Mama aliposema sasa akae nyumbani ajifunze kazi ya mkono, hakulia. Alisema tu kwamba atajifunza, lakini asifunzwe peke yake akachoka kutazama ukuta. Basi mama akamchukua na shoga yake wa mtaa, Zakiya, naye leo ni Bi Zakiya mnayemjua nyote. Mabinti wawili wakakaa nyuma ya dirisha, mama katikati, wakafunzwa kofia za mkono, zile za vitundu vilivyozungushiwa uzi.

Hapa nieleze jambo moja kwa wasioijua kazi hii. Mnunuzi wa kofia hutazama uso wake. Fundi huigeuza akatazama mgongo. Uso wa kofia hata mvivu aweza kuupamba, lakini mgongo husema kila kitu, uzi umeanzia wapi, umeishia wapi, aliyeshona alikuwa na haraka au alikuwa na subira. Mafundi wengi humalizia kwa kifundo. Mama yetu hakufunga kifundo maishani mwake. Alikuwa akiupitisha uzi chini ya mishono mitatu, akaurudisha mmoja, akaukata hapo, na hapo ukipapasa kwa kidole hupati kitu. Namna hiyo aliipata kwa mamake, na hakuwafunza ila wale wawili. Wengine walipomwomba aliwaambia macho yake yamechoka. Hayakuwa yamechoka.

Tarehe 20 Septemba 1968 marehemu aliolewa na Bwana Sabir bin Abdulgani, fundi wa saa, aliyekuwa na kiduka kama kabati karibu na soko la Marikiti. Walipendana kwa utulivu. Yeye na vitundu vyake, mume na vigurudumu vyake, wote wawili wamefinya macho, unaweza kuingia nyumbani ukatoka wasijue umefika. Mungu aliwajaalia watoto wawili, Nabiha mwaka 1970 na Hussam mwaka 1973. Bwana Sabir alitutangulia tarehe 2 Novemba 1986 kwa ugonjwa wa moyo. Dada alikaa eda, akatoka eda, akashika sindano.

Sasa nafika kwenye kazi yake. Hapa ndipo penye jambo ambalo miaka thelathini na miwili nimekaa nalo kifuani.

Mwezi wa Julai 1987 alikuja nyumbani hapa mtu mmoja amevaa suruali na shati jeupe, ana mkoba wa karatasi kwapani. Nabiha alikuwa na miaka kumi na saba na ndiye aliyempelekea sharubati. Anakumbuka kwamba alipofika ngazini alimsikia mamake akipaza sauti, naye si mtu wa kupaza sauti:

"Bundi! Toa hicho kitu nyumbani kwangu!"

Halafu mlango ukafungwa. Kwa miaka mingi Nabiha aliamini kwamba yule bwana alikuwa akiuza ndege.

Alikuwa meja wa jeshi, jina lake Oliver. Hayo tuliyajua baadaye sana, na nitasema tuliyajuaje. Jeshini kulikuwa kumeundwa kikosi cha upelelezi. Jina lake kamili nimeombwa nisilitaje, nami nashukuru kwani ni refu. Kilitaka nembo ya kuvaliwa begani, ndogo, uzi wa kijani juu ya kitambaa cha kijani, anayeijua aione na asiyeijua apite. Wakubwa wa huko bara walikuwa wamechora bundi, kwa kuwa bundi huona gizani. Meja alikuwa amenunua kofia Marikiti, akaipenda kazi, akauliza nani mwenye mkono huu. Akaelekezwa hapa.

Basi mlete bundi Kibokoni! Ndege ambaye akilia juu ya paa watu huulizana nani mgonjwa. Dada alimwambia yule bwana kwamba bundi haingii nyumbani kwake, hata wa uzi. Akachukua karatasi akamchorea kitu kingine. Alichora kitu kinachoona kisionekane, na hakuhitaji kwenda mbali kukitafuta, maana alikuwa amekiegemea. Alichora dirisha la baba. Na kwa kuwa fundi mkweli huchora alichokiona, alichora na ule uwazi, safu ya tatu kutoka juu, kitundu cha pili kutoka kushoto.

Kikosi kikalikubali dirisha. Dada akala yamini, mkono juu ya msahafu, kwamba hatamwambia kiumbe yeyote alichokuwa akishona. Nembo ya watu wa siri ikijulikana inakoshonwa, mwovu aweza kujishonea yake akaingia nayo mahali. Tangu mwaka huo akawa anazishona orofani, na mara mbili kwa mwaka gari la jeshi husimama pale kona, mtu akaingia akatoka na bahasha.

Wenyeji wa hapa mnajua nakoelekea.

Mwaka 1992 mji ulichafuka. Vijana walichukuliwa na askari, na katika mtaa wetu walichukuliwa watatu, akiwemo Abdulgani mwana wa Bi Zakiya, aliyekaa siku kumi na moja mamake asijue yu hai au yu maiti. Alirudi, alhamdulillahi, amekonda na hataki kusema. Watu wakaanza kujiuliza nani aliyetoa majina. Katika mtaa mzima ni nyumba moja tu iliyokuwa ikiingia jeshi na kutoka na bahasha. Mwanamke wa nyumba hiyo hushinda dirishani. Na akiulizwa wale ni nani, husema ni wateja wa kofia.

Simlaumu mtu. Hata mimi ningehesabu hivyo, jibu lingekuja lile lile.

Walimwita Jicho. Baraza yake ikahamwa. Kofia zikapelekwa kwingine. Posa ya Nabiha, iliyokuwa imeshapokewa, ilirudishwa mwaka 1993 kwa maneno ya adabu sana, na adabu ile iliuma kuliko tusi. Bi Zakiya, aliyekula naye sahani moja tangu utotoni, akawa akimwona mbele anavuka njia. Na njia zetu mnazijua upana wake. Kuvuka kwenyewe ni hatua mbili.

Dada hakuacha kwenda kokote. Msiba ulipotokea alikwenda, akapanda orofani, wanawake wakasogea, naye akaketi pale palipobaki wazi kana kwamba wamemtengea kwa heshima. Siku moja katika harusi mwanamke mmoja akamwambia mbele za watu, "Haya Bi Mejumaa, leo umeshatuandika wangapi?"

Akamjibu, "Wewe sikukuandika, mwanangu. Wino ulikuwa haba."

Watu walicheka, hata wasiotaka. Lakini Nabiha asema walipofika nyumbani mamake alivua buibui, akaketi, akachukua sindano, na mara tatu akashindwa kuipitisha uzi.

Sasa nijitie na mimi. Mwezi wa Aprili 1993 nilishuka basi la Kampala pale Mwembe Tayari, nikaingia mkahawani kunywa chai. Kwenye meza ya pili alikaa askari mwenye sare, naye anakula mahamri. Nikamwangalia bega. Kikombe kilinisimama mkononi. Niliona dirisha la baba. Nikasema labda macho, nikahesabu: safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kitundu cha kwanza, cha pili. Uwazi ulikuwapo. Ilikuwa pia yangu, jamani, begani mwa askari wa serikali!

Nikamwambia, "Afande, samahani, hiyo begani ni nini?"

Akanitazama polepole. "Bwana, kunywa chai yako."

Sikuinywa. Nilikuja hapa mbio, na umri wa miaka arubaini na mbili si umri wa mbio. Nikamkuta dada orofani.

"Dada, nimeliona dirisha letu."

"Lipo hapa, halikwenda popote."

"Nimeliona begani mwa askari. Na uwazi wangu nimeuona. Kumbe ndio hizo bahasha! Ni nembo! Wacha nishuke sasa hivi nimwambie Zakiya, niwaambie wote pale barazani..."

"Kaa."

"Dada, wanakutukana!"

"Nimesema kaa, Athmani." Nikakaa. Akaweka kofia chini. "Mimi sikukwambia neno, nawe hukusikia neno kwangu. Umeona dirisha. Mombasa ina madirisha mangapi?"

"Lenye uwazi pale pale ni moja."

Alichomeka sindano kwenye kofia. Halafu akasema, "Mtu akishika msahafu, hashiki kwa siku za raha tu. Ukinipenda, utanyamaza maadamu mimi ni hai. Nikifa, ulimi ni wako."

Nikaahidi. Na kwa kuwa sikuweza kukaa barazani nikisikia dadangu akisemwa huku mdomo wangu umejaa jawabu, nikaondoka tena. Tanga, Kampala, Lamu, Mbeya, popote penye gari la kwenda. Watu husema Athmani mguu wake hautulii. Ni kweli, nimezaliwa nao. Lakini miaka ile mingi nilitembea kwa sababu hiyo, na leo namwomba dadangu radhi mbele yenu, kwa kuwa nilimwachia mzigo nikabeba mkoba.

Yeye alikaa akashona. Kwa kikosi alishona mpaka 2004, walipopeleka kazi kwenye kiwanda cha mashine huko bara. Wateja wa kofia walianza kurudi mmoja mmoja, kwanza wa mbali wasiojua habari, kisha wa karibu waliochoka kujua. Nabiha aliolewa mwaka 1996 na mtu wa Malindi mwenye akili zake. Alimwambia shemeji yetu mmoja kwamba yeye anaoa mtu, haoi maneno ya barazani. Mimi mwaka 2015 magoti yakaniambia basi, nikarudi nyumbani nikae na dada.

Mwezi wa Oktoba 2022, baada ya alasiri, tulikuwa tumekaa barazani wawili tukapata mgeni. Msichana mrefu, nguo za kiraia, amesimama wima kama mlingoti.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee. Mimi naitwa Beryl. Kapteni Beryl."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Hapo pana baridi, sogea huku."

Akaeleza kwamba ameagizwa aandike historia ya kikosi chake na nembo yake. Katika majalada amekuta karatasi ya mwaka 1987, ya Meja Oliver, inayosema: fundi mmoja wa Mji wa Kale, mwanamke, alikataa kushona bundi, akaleta mchoro wake mwenyewe. Jina halikuandikwa. Naye amekuwa akipita mtaa kwa mtaa kuuliza, na kila akisema yeye ni wa jeshi milango inajifunga. Akafunua kitambaa, akatoa nembo kuukuu.

Dada akavaa miwani. Akaitazama uso, akaigeuza mgongo, akapitisha kidole. Uso wake haukubadilika. Ningekuwa simjui ningesema haijui kabisa.

"Kazi nzuri," akasema. "Aliyeifanya alikuwa na macho."

"Si wewe, mama?"

"Mimi ni mtu wa kofia, mwanangu. Vya kichwani ndivyo nivijuavyo. Mambo ya mabega siyajui."

Kapteni akashusha pumzi. Akasema kinachomsumbua ni uwazi huu mmoja. Wanajeshi wapya hufunzwa kwamba nembo ni wavu wa kumnasa adui, na uwazi ni jicho la kikosi lisilolala. Lakini za mashine hazina uwazi, kiwanda kiliuziba kikidhani fundi alikosea.

"Wavu?" dada akasema.

"Ndiyo, mama. Wavu."

Basi dada alicheka! Alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi kwa ncha ya leso. "Wavu! Nani kawaambia ni wavu, masikini? Wavu gani una..." Hapo akajishika. Kapteni alikuwa ameinama mbele, kalamu tayari.

"Kwani ni nini, mama?"

Mimi nilitazama juu dirishani, sikuweza kujizuia. Dada alitazama chini. "Muulize aliyeishona," akasema.

"Meja Oliver alifariki mwaka 2009, mama. Hakuna tena wa kukataza."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amrehemu." Akakunja leso taratibu. "Lakini kama kuna mtu alimwapia bwana huyo, basi sasa hakuna tena wa kumfungua."

Kapteni Beryl alikaa akamtazama, kisha akafunga daftari. Alikuwa ameelewa, na alikuwa na adabu ya kutosema. Alipokwenda zake nilimwambia dada, "Neno moja tu ungesema, mji mzima ungekuja kukubusu mkono."

Akanijibu, "Mkono wangu wanautaka wa nini? Nikifa waambie nimewasamehe. Lakini waambie wote pamoja, usimtaje mmoja mmoja ukamwaibisha."

Maradhi ya sukari yalimwanza mwaka 2017, akayabeba vizuri. Mtoto wa jicho alimsumbua zaidi, akapasuliwa jicho la kulia mwaka 2021. Kuanzia Novemba 2024 figo zilichoka, akawa wa kulazwa na kurudi. Hakuacha sindano. Alikuwa ananishonea kofia, akamaliza kiduara cha juu, akafika nusu ya ukanda wa pembeni. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, alitamka shahada kwa sauti iliyosikika vizuri, akakata roho, Nabiha yuko kichwani, mimi miguuni. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri, na waliomsindikiza mlikuwa wengi kuliko nilivyotazamia. Mungu awalipe.

Karatasi hii ilikuwa iishie hapo, na uwazi wa fito uwe ushahidi wangu. Lakini jana Jumatano lilitokea jambo orofani, na Akila aliyeliona kwa macho yake amenisimulia, ikabidi chapa isimamishwe.

Kapteni Beryl alikuja kuhani. Alijifunga leso, akapanda, akaketi na wanawake. Bi Zakiya alikuwapo, kwani msiba hauna ugomvi. Akila, aliyekuwa ameshaisoma karatasi hii, akamwuliza mgeni kama anayo ile nembo, akaitoa. Ikapita mkono kwa mkono, huyu asema nzuri, huyu asema ndogo, mpaka Bi Zakiya akasema, "Nipe."

Hakuutazama uso. Aliigeuza. Macho yake siku hizi ni ya kubahatisha, kwa hiyo alitumia kidole. Akakipitisha mara moja. Akakipitisha mara ya pili.

"Hii ya lini?"

"Ya zamani, bibi," kapteni akasema. "Zilishonwa tangu 1987 mpaka 2004. Zilikuwa zikichukuliwa mara mbili kwa mwaka, katika bahasha."

"Bahasha."

"Ndiyo, bibi."

Bi Zakiya akasema, na orofa nzima ilisikia, "Haina kifundo. Mkono huu tulifunzwa wawili tu, na Bi Mwanakuu, hapa hapa nilipokaa. Na hii sikuishona mimi."

Bi Zakiya aliifumbata ile nembo akaiweka kifuani. "Alikuwa akishona," akasema. "Miaka yote ile tukisema anaandika, mwenzangu alikuwa akishona."

Ndugu zangu, kwa kawaida siku kama hii sisi wafiwa huwaomba nyinyi mumsamehe maiti. Leo siwaombi. Leo nimetumwa. Bi Mejumaa binti Hussam amesema amewasamehe, wote pamoja. Nami namaliza ahadi yangu: hakutoa jina la mtoto wa mtu. Alitoa nembo za uzi wa kijani, naye alikuwa ameapa. Aliulizwa na mji akanyamaza, akaulizwa na jeshi lenyewe akanyamaza. Katika kikosi kizima cha watu wa siri, sidhani alikuwapo aliyeitunza siri kama yeye.

Kwa Kapteni Beryl, ambaye ameketi na akina mama: andika mwanangu kwamba si wavu. Ni dirisha, alilichonga Hussam bin Athmani, seremala wa Kibokoni. Ule uwazi si jicho lisilolala. Ni pia ya mtoto mtundu, na binti aliyesema paachwe pamletee mwangaza. Waambie wa kiwanda wauzibue. Fundi hakukosea.

Marehemu ameacha watoto wawili, Nabiha na Hussam, wajukuu watano, Akila akiwa mkubwa wao, kitukuu mmoja wa kike aliyepewa jina la marehemu, na mimi nduguye. Ameacha pia kofia moja ya nusu. Jana Bi Zakiya aliteremka ngazi akishikwa mikono miwili, akanikuta mlangoni, akaniomba aimalize yeye. Nikamwambia, "Bi Zakiya, macho je?" Akasema, "Kidole ninacho." Nimempa. Ikiisha nitaivaa, na mtakaponiona nayo yeyote yuko huru kuigeuza atafute pale mkono mmoja ulipoishia na wa pili ulipoanzia. Hatapaona.

Masheikh wetu hutufundisha kwamba mja mwema akishalazwa, hufunguliwa kaburini mwake mlango wa kutazamia peponi, na wengine husema ni dirisha. Ewe Mola wetu, mfungulie dadangu lake, liwe pana, lisiwe na fito. Hapa alituona sisi tusimwone. Huko na aonekane.

Amin.